Nilikwenda Ravelac Kumchukua Mjukuu Wangu

Tangu nirudi sijapata nafasi ya kupumua. Bi Mashavu anataka habari za treni, Mwanaisha anataka kujua nilikula nini, na ninyi wengine wa darasa letu la Kurani la alasiri mnataka yote kwa mpigo, kisha mnanikatiza kabla sijamaliza. Basi nimeandika. Habari za pasi, viza na foleni sizisemi. Zilinichosha zilipokuwa zikitendeka na sina haja ya kuchoka mara ya pili.

Nilichokifuata mnakijua, lakini nakitaja ili asije mtu akasema nilikwenda kutembea. Salama, binti yangu wa pekee, alipoolewa na Yunusi, yule fundi Mfaransa aliyekuja Ushongo kuezeka nyumba za wageni, akasilimu akawa mkwe wangu, aliniahidi mbele yenu kwamba mtoto wa kwanza atakuwa wangu. Ndivyo tulivyo. Mimi nililelewa na bibi mzaa mama, na Salama alikaa kwa mama yangu mpaka darasa la tatu. Mtoto alizaliwa Ravelac, kijiji cha Ufaransa walikohamia, akapewa jina langu, Zena. Sasa ametimiza miaka sita. Mume wangu katangulia mbele ya haki, ualimu nimestaafu, na nyumba yangu ya Mwera ina vyumba vinne na mtu mmoja. Nilikwenda kumchukua mjukuu nije nimlee. Tiketi za kurudi zilikuwa mbili.

Mwera mpaka Horohoro

Begi langu lilikuwa na nguo chache na vitu vingi: iliki, mdalasini, karafuu alizonipa jirani yangu Mpemba, nazi kavu kumi na mbili zilizofuliwa, na kibao cha kukunia nazi. Salama aliniambia kwa simu kwamba huko anapikia tui la kopo, na neno hilo liliniumiza zaidi ya kuambiwa anaumwa.

Nililala Tanga kwa mdogo wangu, asubuhi nikapanda basi la Mombasa. Nusu ya basi ilikuwa watu wa harusi, wanamsindikiza bibi harusi kwa mumewe Msambweni pamoja na vyombo vyake. Kufika Horohoro maofisa wakataka vyombo vyote vishushwe. Vikashushwa. Kila sanduku likafunguliwa, kila kanga ikakunjuliwa, sufuria zikatolewa moja ndani ya nyingine, mpaka pale mpakani pakaonekana kama duka limehamishiwa uwanjani. Tulikaa saa tatu. Watu wa harusi hawakukasirika hata kidogo. Walitoa chupa za chai ya tangawizi, sambusa na maandazi ya nazi, wakatugawia abiria wote, na ofisa mmoja naye akapewa sahani yake akala huku anahesabu mito.

Nilikaa karibu na bibi mmoja wa Kidigo, mkubwa kwangu kwa miaka mingi. Nikamwamkia shikamoo. Akaniuliza niendako, nikamweleza.

"Ni haki yako," akasema. "Mimi huyu bibi harusi ndiye niliyemlea. Kalala mgongoni mwangu huyu. Na leo nampeleka kwa watu."

"Basi umemaliza kazi yako, bibi."

"Nimemaliza, ndiyo. Na wewe utamtwaa wako, utamlea, kisha utampeleka kwa watu kama hivi mimi."

Alisema huku anafuta macho kwa ncha ya leso. Sikulipenda neno lake, nikamwomba sambusa nyingine.

Mombasa mpaka Paris

Ndege zilikuwa mbili na sina malalamiko, isipokuwa kwamba walituamsha kula wakati ambao mtu mzima hali chakula. Nilikula wali na samaki, nikaacha kile kitu cheupe kinachotikisika kwenye kikombe.

Paris nilisimamishwa na watu wa forodha. Kijana mmoja alifungua begi, akatoa kibao cha nazi, akaukunjua ule ulimi wa chuma wenye meno, akamwita mwenzake. Mwenzake akamwita mkubwa wao. Wakaniuliza kwa Kiingereza ni silaha ya namna gani. Mimi nimefundisha Kiingereza miaka ishirini na minane, lakini jinsi ya kulieleza lile jambo kwa maneno sikuipata. Nikaomba nazi moja. Nikaivunja kwenye ukingo wa meza yao ya chuma, maji yakawamwagikia karatasi, nikakiweka kibao chini, nikaketi nikatandaza baibui langu vizuri, nikaanza kukuna. Wakasimama wote wananitazama. Nilipojaza kiganja nikampa yule mkubwa aonje. Akaonja, akawapa wenzake, nao wakaonja. Kisha akanifungia begi kwa mikono yake mwenyewe.

Treni mbili, na moja haikuja

Zena alikuwa amenifundisha kwa simu kusema bonjuu. Nilipopanda treni nikakuta watu wamekaa kimya, kila mmoja na simu yake. Mimi siwezi kuingia mahali penye watu nikakaa bila salamu. Nikaanzia kiti cha kwanza: bonjuu. Cha pili: bonjuu. Wakaitikia kwa mashaka. Nilipofika kiti cha tano mzee mmoja akatoa tiketi yake mfukoni akanikabidhi. Wa nyuma yake naye akatoa. Nikazitazama, nikazirudisha, nikasema mersi, ndiyo asante yao, na behewa zima likaanza kutafuta tiketi. Baadaye alipokuja kondakta wa kweli, watu walimwambia wameshakaguliwa, wakaninyooshea kidole.

Treni ya pili haikuja. Kituo chenyewe kilikuwa kidogo, dirisha la tiketi limepigiliwa mbao, na mtu wa kumuuliza hakuna, ila karatasi ukutani. Mama mmoja aliyekuwa akimsubiri dada yake alinisomea: safari imefutwa. Alikuwa muuguzi kutoka Romania, anayezunguka vijijini kuwatibu wazee majumbani mwao. Kiingereza chake kilikuwa kama changu, cha kufundishwa darasani, kwa hiyo tulielewana sana. Aliniazima simu nimpigie Yunusi, kisha akakata mkate wake katikati, ndani una jibini, akanipa nusu kubwa.

"Unakwenda Ravelac? Nani anaumwa?"

"Haumwi mtu. Nakwenda kumchukua mtoto."

Akaacha kutafuna. "Ravelac kuna mtoto?"

Nilicheka, nikadhani ni utani. Yunusi alikuja baada ya saa mbili na gari lake la kubebea mbao na misumari, akaniamkia shikamoo mama vizuri kama mtu wa Pangani, na njiani nikaona mashamba makubwa yaliyolimwa vizuri na nikakosa kuona mkulima.

Ravelac

Salama alinikumbatia mlangoni akalia, nami nikalia, Yunusi akaenda kutazama kitu kwenye gari ambacho hakikuwa na tatizo. Zena alingoja tumalize. Anasema Kiswahili cha Mwera kitupu, maana mama yake hamsemeshi kingine.

"Shikamoo bibi. Begi langu liko tayari. Nimeweka na viatu."

Moyo wangu ulijaa.

Kesho yake alinitembeza. Kijiji ni cha mawe, kizuri, kila dirisha lina milango ya mbao ya rangi ya buluu, na karibu yote imefungwa. Mimi nilikuwa nabisha hodi, kama kawaida, nijitambulishe kwa majirani. Zena akanishika mkono.

"Bibi, hapa hakuna mtu. Hapa pia hakuna. Hapa wanakuja Waholanzi wakati wa joto, wameshaondoka. Hapa alikaa babu mmoja, amekufa. Hapa hakuna. Hapa ni kwa Bi Odile."

Nimeita majina ya mahudhurio kila asubuhi ya maisha yangu ya kazi, lakini sijapata kusikia orodha ya namna ile. Duka lilifungwa zamani. Mkate unaletwa na gari mara tatu kwa wiki, linapiga honi, na ndipo unapowaona watu: wazee wachache wenye vikapu, familia mbili changa zilizohamia kutoka mjini kwa sababu nyumba ni rahisi, na Yunusi, ambaye kazi yake ni kutengeneza mapaa ya nyumba ambazo wenyewe hawalali. Katikati ya kijiji pana jiwe lenye majina ya vijana waliokufa vitani, na majina yale ni mengi kuliko watoto wa shule yao.

Nyumba zilizofungwa tunazo Pangani mjini, zile za ghorofa zenye milango ya nakshi, popo ndio wapangaji. Lakini kwetu ukitoka pale hatua kumi unakanyaga watoto.

Vita vya sahani

Siku ya tatu wakaanza kuleta chakula. Wa kwanza Bi Odile, jirani wa mkono wa kushoto, mjane kama mimi, mwembamba, anayetembea haraka. Akaleta jamu ya plamu na sahani ya mamumunye. Akanibusu mashavu yote mawili kabla sijajiandaa. Jioni akaja meya, mfugaji wa ng'ombe, mwenye mikono mikubwa. Yeye nilimwahi kwa kuweka mkono kifuani, akaelewa. Alileta soseji ya nguruwe. Yunusi akaipokea kwa heshima zote, akaipeleka kwa mbwa wa nyumba ya mwisho. Familia zile mbili changa zikaleta mayai na keki.

Nikamwambia Salama, "Nawe ulikuwa unasema watu wa huku hawatembeleani. Hawa ni watu kama sisi."

Salama akainamia sinki, akaendelea kusugua sufuria.

Sasa, sahani ya mtu mimi sirudishi tupu. Ya Bi Odile niliirudisha na vitumbua. Ya meya na kaimati. Ya mayai na samaki wa nazi, nazi ya kukuna. Kesho yake Bi Odile akaleta sahani ileile na tofaa zilizopikwa kwa sukari. Nikairudisha na mkate wa kumimina. Akaleta supu. Nikarudisha pilau. Kufika siku ya nane nilikuwa naamka alfajiri kuumua unga, na jirani yangu nikimwona dirishani kwake anamenya viazi na uso wa mtu aliyechoka. Nami nikasema, mama huyu ana moyo, hakubali kushindwa.

Siku ya kumi alikuja mikono mitupu. Salama alikuwa amekwenda mjini, Zena akawa mkalimani. Bi Odile alikaa, akasema maneno mengi polepole, na Zena akaniambia, "Anasema samahani, hawezi tena kupika. Anauliza, tukirudisha sahani tupu utakasirika?"

Nikacheka mpaka nikashika ubavu. Nikamwambia Zena amweleze mila yetu. Bi Odile naye akacheka, akashika kichwa chake, kisha kicheko kikakatika akaanza kulia. Akasema neno jingine. Zena alikawia kulitafsiri.

"Anasema walileta vitu ili wewe uwapende. Anasema mimi nikiondoka shule itafungwa."

Mtoto wa miaka sita alisema hivyo akiwa amesimama katikati yetu, anatazama vidole vyake vya miguu. Nilimpeleka nje akacheze, nikamshika mkono yule mama, tukakaa hivyo mpaka Salama aliporudi.

Salama akaeleza yote. Shule ni ya darasa moja, inakusanya na watoto wa vitongoji vya jirani. Siku ya kufungua, mkaguzi anakuja kuhesabu vichwa. Wakitimia kumi na wawili, mwalimu anabaki. Bila Zena ni kumi na mmoja. Shule ikifungwa, watoto watapanda gari mpaka mji wa mbali, zile familia mbili zitahama, na kijiji kitabaki na wazee na honi ya mkate.

Nilikasirika. Nilikasirika kweli, mimi mnanijua. "Kumbe nimehongwa kwa jamu," nikamwambia. "Na wewe ulijua."

"Nilijua, mama. Nikanyamaza kwa sababu nilikuahidi. Wa kwanza ni wako. Ukisema twende naye, mimi nitamvalisha kwa mikono yangu. Lakini usinitake nichague mimi."

Alipokuwa anasema hivyo alikuwa anakunja kigauni cha Zena, anakikunja, anakikunjua, anakikunja tena.

Siku ya kuhesabiwa

Tiketi zetu zilikuwa za Alhamisi. Shule ilikuwa inafunguliwa Jumanne. Jumatatu alasiri meya alituita ofisini kwake, chumba chenye bendera na makabati, akatoa ushauri wake kupitia kwa Salama. Jambo ni jepesi, alisema. Zena aketi darasani Jumanne, ahesabiwe, na Alhamisi asafiri na bibi yake. Mkaguzi harudi mpaka mwakani. Kila mtu atakuwa amepata.

Nadhani alitegemea nifurahi. Na nafsi yangu, siwafichi, ilifurahi kwanza. Kisha nikahisi aibu. Ninyi mnakumbuka zama za wanafunzi hewa, jinsi shule zilivyokuwa zinaandika majina ya watoto wasiokuwepo. Mimi niliwahi kupewa rejista ya namna hiyo niitie sahihi, nikakataa, nikahamishwa kupelekwa mbali, na marehemu mume wangu akanifuata huko akiwa na godoro kichwani.

"Mwambie," nikamwambia Salama, "miaka yote ile sikuandika mwanafunzi hewa, na sitaanza Ufaransa. Zena atakuwepo kwa kweli au hatakuwepo."

Masikio ya meya yakawa mekundu. Hakubisha.

Nikatoka pale nikaenda shuleni peke yangu. Mwalimu, msichana mdogo kuliko Salama, alikuwa anafuta meza. Kila meza ilibandikwa jina. Kuna moja iliyoandikwa Zena, kwa rangi ya kijani, na hakuwa ameibandua. Hakuniomba kitu. Nadhani hata hakujua kama nina haki ya kuombwa. Nikachukua kitambaa kingine nikamsaidia kufuta, tukafuta zote kumi na mbili bila kuelewana neno.

Nilikuwa nafikiri juu ya sauti. Mimi nilitaka sauti ya mtoto ndani ya nyumba yangu. Hilo tu, msinitafutie jingine. Nataka mtu aniite bibi kutoka chumba cha pili. Na watu wale walitaka hilohilo, sauti za watoto saa ya mapumziko. Ila mimi nikirudi Mwera peke yangu, nikifungua dirisha, nasikia watoto wa shule nzima. Bi Odile akifungua lake atasikia nini?

Jumanne asubuhi nilimsuka Zena mwenyewe, mistari saba. Salama hakuniuliza kama namsuka kwa shule au kwa safari. Tulikwenda wote. Kijiji kizima kilikuwa pale getini, wazee na vikapu vyao ingawa haikuwa siku ya mkate. Mkaguzi alikuwa mama wa makamo mwenye faili. Zena akanitazama.

"Bibi, mimi ni wa kuingia au wa kusindikiza?"

"Wa kuingia."

"Na Alhamisi?"

"Alhamisi utakuwa shule. Likizo ndefu utakuja Mwera, kila mwaka, na mama yako ataapa kwa hilo leo hii."

Salama akaapa palepale. Zena alifikiri kidogo, akaniachia mkono akaingia. Tukasimama dirishani. Mwalimu alianza kuita majina, nami kwa mazoea nikahesabu naye kwa vidole. Alipofika kwa Zena, mtoto akasahau alipo, akajibu kwa lugha ya nyumbani: "Nipo." Mkaguzi akainua kichwa, akatabasamu, akaandika.

Bi Odile alinishika mkono mpaka ukauma. Nililia na sikujificha. Kuna uchungu niliousikia pale ambao sijawahi kuusikia tangu mazishi ya mume wangu, na furaha ilikuwa imekaa humohumo ndani yake, wala sikuweza kuzitenganisha.

Kurudi

Alhamisi niliondoka alfajiri. Bi Odile alinipa chupa sita za jamu, mnayoila sasa mkisema ina sukari nyingi. Treni zote zilikuja. Na kutoka Mombasa mpaka hapa hakuna cha kusimulia. Horohoro tulipita kama hakuna mpaka, na mlinipokea wenyewe. Kwa hiyo namalizia ndegeni.

Kiti cha pembeni yangu kilikuwa kitupu. Niliweka mkoba wangu juu yake, nikauondoa, nikauweka chini. Baada ya muda akaja dada wa ndege na trei ndogo yenye wali, kuku, biskuti na kalamu za rangi. Jina la Zena bado lilikuwa kwenye karatasi yake ya abiria.

"Mtoto yuko wapi, mama?"

"Yuko shule," nikamwambia, na ilikuwa kweli.